Miti ya mtaa wetu imepigwa X kupisha njia ya baiskeli. Mimi ni mwendesha baiskeli na ninapinga

PedeliMoja (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta jambo hili hapa kwa sababu kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa tumeshagawanyika, kila upande unapiga kelele na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Barabara yetu (ni Kinondoni, jina la mtaa naliacha) inajengwa upya. Lami, mtaro, taa, na kwa mara ya kwanza kabisa njia ya baiskeli pande zote mbili. Tumeililia hiyo njia miaka nenda miaka rudi. Juzi tumeamka tukakuta miti yote ya upande wa kulia imepigwa X nyekundu: mikungu, mijohoro, na ile mikrismasi mikubwa karibu na msikiti. Mtu wa Dar haelezwi X nyekundu maana yake nini.

Tulipouliza tukajibiwa kwa sentensi moja: miti inaondoka kupisha baiskeli.

Hapo ndipo nilipokasirika, maana mwenye baiskeli ni mimi. Nasambaza mikate madukani, kreti mbili kwenye keria, kuanzia alfajiri mpaka mchana. Nimeshabanwa na daladala hadi nikaingia mtaroni na mzigo wote, kwa hiyo hakuna wa kunifundisha umuhimu wa kuwa na njia yangu. Lakini njia hiyo wanayoichora, lami tupu mwanzo mpaka mwisho, saa saba mchana mwezi wa pili, nani ataipita?

Tuna mfano hapahapa. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake maalumu, ilipoanza kubeba abiria Mei 2016, kilomita 20.9 za awamu ya kwanza zilikuja na njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Ilikuwa hatua kubwa, na jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Sibezi hata kidogo. Ila nenda Magomeni mchana wa jua kali uangalie. Asubuhi baiskeli zipo, jioni zipo. Mchana ukimwona mtu kwenye ile njia anasukuma, kitambaa kichwani, anatafuta kivuli cha bango asimame. Na ukitaka kujua baiskeli inaishi wapi katika mji huu, waangalie wauza madafu. Baiskeli imebeba mashada kushoto na kulia, mwenyewe hawezi kuiacha wala kulikimbia jua, kwa hiyo siku yake nzima ni kuhama kutoka chini ya mti huu kwenda chini ya mti ule. Upanga utawakuta. Ocean Road utawakuta. Palipofyekwa miti hawasimami, na wateja hawasimami pia.

Lami au zege iliyo kivulini inaweza kuwa na joto pungufu kwa nyuzi 11 hadi 25 kuliko iliyoachwa juani wakati wa jua kali kabisa. Kwa aliye ndani ya gari lenye kiyoyozi hiyo ni namba tu. Sisi wenye mizigo kwenye keria tunaisikia miguuni na kichwani.

Jumapili nilichukua futi kamba, mimi na kijana wa genge tukapima. Mchoro uliobandikwa ofisi ya serikali ya mtaa unaonyesha njia mbili za magari, kila moja mita 3.5, halafu nafasi ya kupaki magari mita 2.5 upande wa kulia. Ukizifanya njia za magari kuwa mita 3 kila moja, ambazo zinatosha kwa barabara ya mtaani isiyopitisha malori makubwa, umepata mita 1. Ukiondoa maegesho umepata 2.5. Jumla mita 3.5, yaani mita 1.75 za baiskeli kila upande, na mti haujaguswa.

Kwa hiyo nasema wazi: miti haipishi baiskeli, inapisha magari yaliyosimama. Sikubali jina la wapanda baiskeli litumike kukata kivuli ambacho sisi ndio tunakihitaji kuliko mtu mwingine yeyote barabarani.

Karibuni, hasa wenye utaalamu. Mnaopinga pia mje na hoja.

---

Chuma_cha_Mjerumani

Mkuu nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye baiskeli, na barabara ile ilikuwa na miti mizuri pande zote. Miti haikumsaidia kitu, kwa sababu ilimsukumia katikati ya lami, pembeni hapakuwa na pa kupita. Mti ukikatwa unapandwa mwingine. Mtu haoti.

Tukianza kubishana mti kwa mti, mradi unasimama, fedha zinarudi zilikotoka au zinahamishiwa kata nyingine, na sisi tunabaki na mashimo yetu. Nimeshaona hilo kwa macho yangu. Wakate, wajenge, wapande upya. Masika mbili tatu miti imesharudi.

---

PedeliMoja

Pole sana kwa mdogo wako, ndugu yangu. Hoja yako naichukua kwa uzito wote, na ndiyo maana sijasema njia isijengwe. Naitaka, na naitaka iwe pana kuliko ile iliyochorwa.

Hapo kwenye "masika mbili tatu" ndipo sikubali. Ile mikungu bibi zetu wameikuta. Mche wa mkungu ukipandwa leo, ukapona mbuzi, ukapona watoto, ukapona ukame wa Januari, ukipata bahati ya mtu wa kuumwagilia, utampa kivuli mtu anayepita chini yake baada ya miaka mingi, siyo masika tatu. Na wewe pamoja nami tunajua ile miche ya miradi inavyoishia. Inapandwa siku ya uzinduzi, mgeni rasmi anapigwa picha, baada ya mwaka kimebaki kijiti ndani ya tofali.

---

mama_lishe_Kndoni

Mimi nipo chini ya mmoja wa hiyo mikungu mwanangu, unanijua. Sina la kusema kuhusu vipimo. Nasema tu kwamba wateja wangu wa mchana ni bodaboda, wasukuma mkokoteni, wauza mkaa wa baiskeli na walimu wa shule ya msingi. Wote wanakaa hapo kwa sababu kuna kivuli. Jana watu wa mradi walikuja kupima, wakamaliza, wakakaa chini ya mti huohuo kula. Nikawauliza, wanangu, mkishaukata mtakula wapi? Wakanyamaza.

Mkienda kwenye mkutano mnipe taarifa, nitafunga biashara nije.

---

fundi_lami

Nimefanya kazi kwenye miradi ya barabara za mijini kwa muda mrefu. Mleta mada ameuliza wataalamu, basi nijibu kwa urefu kidogo.

Kwanza tusichanganye barabara. Wengi mkisikia hifadhi ya barabara mnafikiria zile mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, za Sheria ya Barabara ya 2007. Hizo ni barabara kuu na za mkoa, ziko chini ya wakala wake, TANROADS. Barabara ya mtaani ni ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, na hifadhi yake ni nyembamba zaidi, kwa hiyo mbunifu kweli anabanwa. Msimwone mhandisi ni adui wa miti. Anapewa orodha: magari, mtaro, nguzo za umeme, bomba la maji, taa, miguu, na sasa baiskeli. Vyote viingie.

Pili, hesabu yako mleta mada ni sahihi upande wa magari. Njia ya mita 3 mjini inafanya kazi vizuri, tena inapunguza mwendo, jambo ambalo kwa mpanda baiskeli ni usalama. Mwendesha gari akiona njia pana anakanyaga mafuta. Akiona imebana, miti iko karibu, anaachia bila kuambiwa na kibao.

Tatu, na hapa ndipo nataka mnisikilize. Swali langu kwako: mtaro kwenye huo mchoro uko upande gani?

---

PedeliMoja

Mkuu, upande wa kulia. Ule wa miti. Umechorwa nyuma ya njia ya baiskeli, unapita kwenye mstari wa mashina.

---

fundi_lami

Basi jibu lako ndilo hilo. Miti yako inakatwa na mtaro. Baiskeli imesingiziwa.

Njia ya baiskeli ina uso mwembamba. Unachimba kidogo, unashindilia, unaweka pevingi, basi. Ikikutana na mti unaweza kuipindisha kidogo, ukapita upande wa pili wa shina, na mpanda baiskeli hapotezi chochote. Mtaro wa zege ni habari nyingine. Unachimbwa kwenda chini mita moja na zaidi, upana huohuo au zaidi, na unatakiwa uende moja kwa moja na mteremko wake ili maji yasituame. Mizizi mingi ya mti iko kwenye sentimita 60 za juu za ardhi, na inakwenda mbali kuliko matawi yanavyoonekana. Ukipitisha kijiko cha mtambo hapo, mti hata usipoukata, umeshauua. Utasimama msimu mmoja wa vuli halafu upepo uulaze juu ya nyumba ya mtu. Mbunifu analijua hilo, kwa hiyo anapiga X mapema.

Ila suluhisho lipo na si la kubuni leo. Mtaro unaweza kuhamishwa uje chini ya njia ya baiskeli au chini ya pale palipochorwa maegesho, ukafunikwa kwa mifuniko ya zege, na baiskeli zikapita juu. Hapo umetumia upana mmoja kwa kazi mbili. Masharti yake ni matatu na msikubali hata moja liachwe. Mifuniko ikae sawa na uso wa njia, isiwe inapanda na kushuka. Matundu ya kuingizia maji yakae kwa kukata njia, kamwe yasielekee anakokwenda mpanda baiskeli, kwa sababu tairi likiingia kwenye tundu la urefu mtu anaruka juu ya usukani. Na iwe mifuniko inayonyanyulika kwa watu wawili, maana isiponyanyulika mtaro hautasafishwa, na usiposafishwa masika ikija mtaogelea.

Gharama inaongezeka, sitawadanganya. Lakini kuondoa mti mkubwa pamoja na kisiki chake nako kuna gharama, na hiyo huwa haiandikwi kwenye mabishano.

---

Mzee wa Ubungo

Fundi_lami umenena. Nimesoma mara mbili.

---

Chuma_cha_Mjerumani

Hapo kwenye mtaro nimesikia. Lakini fundi, hebu tuwe wakweli: mkianza kuhamisha mtaro kwenye mchoro uliokwisha kusainiwa, mkandarasi anadai nyongeza na muda unakwenda. Nani anabeba?

---

fundi_lami

Swali zuri. Mkandarasi akishaingia saiti, kila badiliko ni madai. Ndiyo maana nasema muulize sasa kabla ya mtambo kufika. Kama X zimepigwa na watu bado wanapima, mara nyingi kuna nafasi. Wakishaanza kung'oa visiki, hakuna mjadala tena.

---

Wa_Kangemi

Hamjambo ndugu zetu. Huku Nairobi tumepitia haya yote na zaidi, niwape machache.

Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, ile ya kilomita 27, ilipokuwa inajengwa, miti mingi sana ilikwenda. Lakini pale Westlands, kando ya Waiyaki Way, kulikuwa na mugumo (mti wa jamii ya mkuyu) mkubwa unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 100. Ulikuwa umepangiwa kung'olewa na kuhamishwa. Watu walisimama, na Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akatoa amri mti ubaki. Ulibaki, na barabara ilijengwa hivyohivyo ikafunguliwa 2022. Kwa hiyo mtu akikuambia "haiwezekani kiufundi", mwulize haiwezekani kwa nani. Kilichoniuma ni kwamba mugumo ulikuwa na jina na heshima ya mila, ukapata mtetezi hadi ikulu. Ile miti ya kawaida ya kando ya barabara haikupata mtu.

La pili. Katikati ya mji, njia za miguu na baiskeli zilizojengwa kuanzia 2020 kwenye mitaa kama Wabera na Muindi Mbingu zilichukua nafasi za maegesho. Kabla ya hapo, 2019, Luthuli Avenue iligeuzwa kuwa ya upande mmoja, maegesho yakaondolewa, njia za miguu zikapanuliwa. Wenye maduka walilalamika kwamba biashara itakufa. Mimi nilikuwa ninanunua simu na spika Luthuli kabla na ninanunua sasa; watu wanaopita kwa miguu hawajapungua machoni pangu.

Shida tuliyobaki nayo ni bodaboda kuingia kwenye njia za baiskeli. Mjipange kwa hilo mapema.

---

PedeliMoja

Asante sana ndugu yangu wa Kangemi. Hilo la mti usio na jina limenigusa. Mikungu yetu haina mila yoyote, hakuna mzee aliyewahi kutambikia pale. Ina mama lishe na wauza mkaa. Kwangu hiyo inatosha kuwa sababu.

---

Gurudumu_Nne

Naomba na mimi nisikilizwe. Natumia kiti cha magurudumu. Kwenye mtaa wenye mikrismasi mikubwa siwezi kupita pembeni, mizizi imenyanyua pevingi zote, inanilazimu niingie kwenye lami na magari. Mkitetea miti mtetee pia na mimi nipite. Nimechoka kuambiwa nisubiri kila upande unaposhinda.

---

Bwana_Miche

Ndugu Gurudumu_Nne uko sahihi na naomba nijibu kwa sababu miti ndiyo kazi yangu; nina kitalu.

Mkrismasi ni mti wa Madagaska, unapendeza sana Novemba na Desemba unapowaka maua mekundu, lakini mizizi yake inatambaa juujuu na inanyanyua kila kitu, na matawi yake yanakatika kirahisi. Haikupaswa kupandwa mita moja kutoka kwenye njia ya watu. Mkungu una kivuli kipana kuliko yote kwa mtaa, matawi yamekaa ghorofa kwa ghorofa, ila unapukutisha majani makubwa na yakilowa yanateleza; mpanda baiskeli anayajua. Mjohoro ni mvumilivu, mzizi wake si mkorofi sana. Mwarobaini ndio ningeupanda mimi kando ya njia ya baiskeli: unastahimili ukame, majani madogo, kivuli kizuri, na ukiupogoa vizuri unakwenda juu bila kuwachapa watu matawi usoni. Ile miashoki myembamba inayopendwa kwenye mageti msiipokee hata mkipewa bure. Imekwenda juu moja kwa moja, kivuli chake hakimtoshi hata paka.

Kwa hiyo ushauri wangu: msiende mkutanoni mkisema "hakuna mti utakaokatwa". Pitieni mti mmoja mmoja. Ugongeni shina, mkisikia uwazi ndani ule umeoza na ni hatari, uondoke. Angalieni pale mizizi imenyanyua njia, kama kuna nafasi ya kuipitisha njia mbali na shina. Mara nyingi ipo: unainua kidogo uso wa njia juu ya mizizi badala ya kuikata, unaweka mchanga na pevingi zinazopitisha maji. Kiti cha magurudumu kinapita, mti unaishi. Na kuchimba karibu na mashina kuwe kwa jembe na mikono, mtambo ukae mbali. Hilo liandikwe kwenye mkataba, siyo kuambiwa kwa mdomo.

Kuhamisha mti mkubwa, kama mtaahidiwa hivyo, msifurahie haraka. Mti ukubwa huo ukikatwa mizizi yake kuuweka kwenye gari, wengi hawaponi.

---

Gurudumu_Nne

Hilo la kuinua njia juu ya mizizi sikuwahi kuambiwa na mtu. Asante. Niwekeni kwenye orodha ya watakaokwenda.

---

Dada_wa_Dublin

Nasoma nikiwa Ireland. Nimeishi hapa Dublin miaka mingi na kisa chenu kimenikumbusha cha hapa.

Mwaka 2017 halmashauri ya jiji ilikuja na mchoro wa njia ya baiskeli kutoka Clontarf kuja katikati ya mji. Pale Fairview kuna safu ya miti mikubwa kati ya barabara na bustani, na miti 49 ilipangwa kukatwa. Watu waliwaka. Na waliopinga hawakuwa wale wasiotaka baiskeli tu, wapanda baiskeli wenyewe walisema hatutaki njia kwa gharama hiyo, toeni nafasi kwenye barabara. Mchoro ukarudishwa ukafanywa upya, na ile safu haikufyekwa.

Kaka Chuma aliyesema kuchelewa ana hoja pia, nisiifiche. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 2024. Ni miaka mingi ya kusubiri, ingawa si miti peke yake iliyochelewesha; walibadilisha na mabomba ya maji ya zamani chini ya barabara kwa mradi huohuo.

Leo ukipita pale jua la Julai limetoka, unapita kivulini. Mvua ikinyesha, na hapa inanyesha kweli, majani yanakukinga kidogo.

---

Chuma_cha_Mjerumani

Dada asante kwa kutoficha. Miaka saba ni mingi, na katika miaka hiyo watu wanagongwa. Ndilo ninaloliogopa. Mkitaka niwaunge mkono, njooni na mchoro ambao unaweza kujengwa mwaka huu. Mkija na "simamisheni mradi", mimi nitakuwa upande wa pili.

---

PedeliMoja

Nakubaliana na wewe kabisa hapo, na nitaliandika hivyo kwenye barua: hatuombi mradi usimame hata siku moja. Tunaomba wabadilishe vitu viwili kwenye karatasi, maegesho na mtaro, kabla mtambo haujafika.

---

Mtabora_Halisi

Wakuu wa Dar, njooni Tabora muone. Mji wetu ni wa baiskeli, mtu na mkewe na gunia la mpunga juu ya baiskeli moja, na ni mji wa miembe. Ile njia ya misafara ya zamani, Bagamoyo kuja Tabora hadi Ujiji, ilipandwa miembe kandokando na mingine imesimama mpaka leo. Waliokuwa wanapita ni watu wa miguu wenye mizigo vichwani. Walijua njia ndefu bila kivuli haipitiki. Sasa ninyi mnajenga njia ya watu wenye mizigo na kitu cha kwanza mnachofanya ni kuondoa kivuli.

---

MwenyeDuka_Kona

Mimi nina duka upande wa kulia wa barabara hiyohiyo, nadhani mnanifahamu wengine. Mkiondoa maegesho mnaniua mimi. Mteja wa mfuko wa saruji au wa gunia la mchele hawezi kuubeba kwenye baiskeli.

---

PedeliMoja

Kaka Mwenye Duka, nilitaka uje. Nimesimama mbele ya duka lako siku nyingi nikishusha mikate, tuongee kwa jirani.

Magari yanayopaki pale mbele, mengi si ya wateja wako. Yanafika saa mbili asubuhi, wenyewe wanapanda mwendokasi kwenda mjini, yanaondoka saa kumi na mbili jioni. Yamekuzibia mlango siku nzima. Mteja wako wa saruji anakaa dakika kumi. Tunachoweza kupendekeza ni sehemu fupi mbili tatu za kupakia na kushusha, mahali ambapo hakuna mti, na kibao cha muda. Ukubali au ukatae, lakini tupe jibu kabla ya Jumamosi ili tuweke kwenye mchoro wetu mahali unapotaka wewe.

---

MwenyeDuka_Kona

Sehemu ya kushushia iwe karibu na transfoma, hapo hapana mti. Hilo nakubali. Na yale magari ya kutwa nzima hata mimi yananikera, sikuwa na pa kulisema.

---

fundi_lami

Karibu na transfoma hapawezekani kuchimba mtaro wa kina, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kushushia mizigo. Umechagua vizuri bila kujua.

Mleta mada, nimekaa nimechora. Sehemu moja tu inabana kweli: pale kwenye kona ya msikiti, mkrismasi wa pili umekaa karibu mno na lami. Hapo hata ukitoa maegesho, njia ya baiskeli inabaki chini ya mita moja, na baiskeli ya mzigo haipiti hapo salama. Ama njia ipite nyuma ya mti, kwenye ardhi ya msikiti, kama wataridhia kutoa kipande kidogo, ama mti huo uondoke. Nimewaambia ili mkaongee na kamati ya msikiti mapema.

---

Bwana_Miche

Huo wa kona nimeupita leo jioni nikaugonga. Una uwazi upande wa chini, na kuna uyoga mgumu umeota kwenye shina. Huo hata bila barabara hauna miaka mingi. Ningeuachia uondoke. Ule wa kwanza ni mzima kabisa, na mikungu yote ni mizima.

---

PedeliMoja

Nimezungumza na katibu wa msikiti baada ya swala ya magharibi. Wanasema mti ukiwa mbovu uondoke, ila wanataka mwarobaini upandwe ndani ya ukuta wao na watamwagilia wenyewe kwa maji ya udhu. Nimemwomba Bwana_Miche awapelekee mche uliokomaa kidogo.

Basi barua itakuwa hivi, mniongezee kama nimesahau:

Tunaomba njia za magari ziwe mita 3. Maegesho ya upande wa kulia yaondolewe, zibaki sehemu fupi za kushushia mizigo, ya kwanza karibu na transfoma. Mtaro uhamie chini ya njia ya baiskeli, ufunikwe, na yale masharti matatu ya fundi_lami yaandikwe neno kwa neno. Njia ya miguu iinuliwe juu ya mizizi pale ilipopasuka, upana wa kutosha kiti cha magurudumu kugeuka. Uchimbaji karibu na mashina ufanywe kwa mikono. Mti wa kona uondoke, mingine X zifutwe. Na vizuizi vya kuwazuia bodaboda viwekwe kwenye viingilio, kwa umbali ambao baiskeli ya mzigo inapita. Ndugu wa Kangemi alituonya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka haki ya wananchi kushirikishwa katika maamuzi ya mazingira, kwa hiyo tunakwenda kama watu wenye haki ya kuwa pale. Mtendaji amekubali kuita mkutano Jumamosi saa tatu asubuhi na amesema mhandisi wa mradi atakuwepo.

---

Chuma_cha_Mjerumani

Nitakuja. Nitasimama niseme habari ya mdogo wangu, halafu niseme naunga mkono mchoro wenu. Mti mmoja badala ya safu nzima, na njia inajengwa mwaka huu. Hapo tumeelewana.

---

mama_lishe_Kndoni

Barua mniletee niisaini kesho mchana. Walimu wa shule ya msingi wamesema na wao wanasaini, wanne wako hapa sasa hivi.

---

fundi_lami

Mchoro niliochora nimeupiga picha, nakutumia faragha mleta mada. Uuchapishe kwenye karatasi kubwa, A3 kwenda juu, vipimo visomeke. Mhandisi akianza kuuliza kuhusu mteremko wa mtaro mpe nafasi mimi nijibu.